Nimefungua mbele yote ya Chevelle ya 1969: maoni yangu kuhusu seti niliyoifunga

Nianze na hukumu, maana najua kuna anayesoma hapa huku gari lake limeshapandishwa jeki. Seti ya vipuri vya mbele ni nzuri, nunua. Ila chukua yenye bushi (zile pete zinazokaa kwenye maungio) za raba, acha ile ya bushi ngumu za poliyurethani za rangi nyekundu, na ukishafungua boksi kuna vitu vitatu uvikague kabla hujachafua mikono. Nimeipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nitaeleza ilikwenda wapi.

Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1969, milango miwili, injini ya inchi za ujazo 350 yenye silinda nane. Si ile SS, toleo la kasi lenye injini ya 396, ambayo watu huuziana kwa bei ya nyumba. Ni gari la kawaida la familia ya zama zile, chesisi yake ile ile, mikono yake ya mbele, ile inayounganisha magurudumu na chesisi, ile ile. Wamarekani wana jina lao kwa magari ya ukoo huu, "muscle car", yaani gari la umbo la wastani lililopachikwa injini kubwa kuliko lilivyohitaji. Nililinunua kwa mzee jirani yangu hapa Columbus, Ohio, aliyelifungia bandani miaka mingi. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia kwenye gereji ya mjomba wangu, Ngamiani, nikimshikia tochi chini ya Hiesi za daladala kabla sijaruhusiwa kushika spana. Huku kazi yangu ni ghalani, zamu ya usiku. Gari hili ndilo linalonirudisha kwenye grisi.

Nilipolichukua lilikuwa linakwenda vizuri, tatizo ni kwamba haliendi unakolielekeza. Kwenye maili 55 kwa saa usukani ulikuwa na mchezo wa karibu inchi tatu kabla magurudumu hayajapata habari. Barabara ikiwa na mifereji iliyochimbwa na malori, gari lilifuata mfereji lenyewe. Ukipita tuta, upande wa kulia ulilia "ko!" moja nzito, ile sauti ambayo kila aliyewahi kupanda Hiesi mbovu anaijua. Na tairi la kulia lilikuwa limeliwa ukingo wa ndani hadi nyuzi zinachungulia.

Nikalikagua nilivyofundishwa. Kwenye gari hili springi inakaa juu ya mkono wa chini, kwa hiyo boljointi ya chini, lile ungio la mviringo kwenye ncha ya mkono, ndiyo inayobeba uzito. Ukitaka kujua imekufa, jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, isiwekwe chini ya chesisi. Hapo mzigo unatoka kwenye boljointi na ulegevu wake unaonekana. Nikaingiza mtaimbo chini ya tairi, nikainua. Lilipanda na kushuka kama jino la mtoto. Raba za mikono ya juu zilikuwa zimekauka na kupasuka, na upande mmoja chuma kilikuwa kinasugua chuma. Aidla amu, ule mkono mdogo unaoshikilia mtambo wa usukani upande wa abiria, ulikuwa unacheza juu na chini. Hapakuwa na la kubadilisha kimoja kimoja. Nikaamua kufungua mbele yote.

Seti niliyonunua mtandaoni ilinigharimu dola 389, usafirishaji ndani yake. Sitaitaja kampuni, kwa sababu nina lawama nayo kidogo. Ndani mlikuwa na boljointi mbili za juu na mbili za chini, bushi zote nane za mikono minne, tairodi nne (vyuma vinavyogeuza magurudumu) pamoja na mirija yake ya kurekebishia, aidla amu, linki na raba za stabilaiza (chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona), na vile vizuizi vya raba vinavyozuia mkono usigonge chesisi. Springi na shokapu nilinunua kando.

Kabla hujalipa wauzaji watakuuliza swali moja ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha: bushi za mikono yako ya chini ni za duara au za yai? Magari haya yalitoka kiwandani na aina zote mbili. Usiulize mwaka, usiulize rafiki. Ingia chini ya gari na futikamba, pima tundu. Mimi nilipima, nikapata sawa kwa mara ya kwanza.

Swali la pili ni raba au poliyurethani. Hapa nina msimamo. Poliyurethani ni ngumu, inamfaa mtu anayekwenda kushindana kwenye uwanja wa mbio. Kwa barabara ya kwenda kazini, ile kitu inataka grisi yake maalumu ya silikoni, na grisi ikiisha italia kama kitanda cha chuma. Raba ya kiwandani imegandishwa kwenye ganda la chuma, nje na ndani. Mkono ukipanda na kushuka, raba haisuguani na kitu, inajipinda tu na kurudi. Haina haja ya grisi, haina kelele, na inameza vishindo vidogo vya barabara. Waliolichora gari hili walichagua raba, na mimi sikuona sababu ya kuwapinga.

Sasa kazi. Nilikuwa na jeki, stendi nne, nyundo ya ratili nne na spana zangu. Sikuwa na presi ya boljointi wala chombo cha kuvutia pitmani amu, ule mkono unaotoka kwenye boksi ya usukani, na sikutaka kununua vyuma vya kutumia mara moja kwa miaka kumi. AutoZone, maduka ya vipuri ya huku, wana utaratibu wa kuazima zana: unaweka amana sawa na bei ya chombo, unakwenda nacho nyumbani, ukirudisha unarudishiwa fedha yako yote. Nimetumia utaratibu huo na naupa nyota zote tano bila kusita. Mtu aliyekulia kwenye gereji ambako presi moja inazungushwa mtaa mzima, na ukiihitaji unaambiwa iko kwa fulani barabara ya ishirini, ataelewa furaha niliyokuwa nayo nikitoka pale na boksi kwapani.

Springi ndiyo sehemu ya kuiheshimu. Ile ya mbele ya Chevelle imebanwa kati ya chesisi na mkono wa chini, na kinachoizuia isifyatuke ni ile boljointi. Ikikutoka haikuachi mzima. Nilifanya hivi: gari juu ya stendi chini ya chesisi, shokapu nimeitoa maana inapita katikati ya springi, jeki chini ya mkono wa chini imeshika uzito. Kisha nikapitisha mnyororo ndani ya springi na kuuzungusha kwenye chesisi, nikaufunga kwa bolti nene. Nati ya boljointi nilitoa splitipini yake, ile pini inayoizuia isilegee, na kuilegeza mizunguko michache tu, sikuitoa. Halafu unapiga nyundo ubavuni mwa nako, kile chuma kinachoshika gurudumu, pale pini ya boljointi inapoingilia, usipige pini yenyewe. Pigo la tatu likalia "ta!" na pini ikaachia. Kwa kuwa nati bado ipo, hakuna kilichoruka. Ndipo ukabana jeki juu kidogo, ukatoa nati, ukashusha jeki taratibu, nusu inchi, pumzika, nusu inchi tena, hadi springi ikose nguvu na uweze kuitoa kwa mkono.

Upande wa kushoto ulikwenda hivyo. Upande wa kulia bolti za mkono wa chini zilikataa kata kata. Ohio wanamwaga chumvi barabarani msimu wa theluji, na chumvi hiyo inafanya kwa chuma kile kile ambacho upepo wa bahari unafanya kwa gari lililolala Raskazone. Bolti ilikuwa imeshikana na ganda la ndani la bushi, ikawa kitu kimoja. Nilimwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikamwagia tena asubuhi, nikaipasha kwa tochi ya gesi, nikaigonga, nikaipasha tena. Mwisho niliikata kwa msumeno pande zote mbili za bushi. Kwa hiyo agiza bolti mpya za mikono ya chini mapema. Seti hii haina, na usiku wa Jumamosi hutazipata dukani.

Boljointi za juu, kama hazijawahi kubadilishwa, zimeshikwa kwa ribiti nne za kiwandani. Zangu zilikuwa za 1969, hazijaguswa. Unatoboa katikati ya kichwa cha ribiti kwa drili nyembamba, unarudia na drili nene hadi kichwa kikatike, kisha unasukuma shina kwa panchi. Mpya zinakuja na bolti na nati zake, na hapa seti ilinifurahisha: bolti zilikuwa za daraja gumu, na matundu yalilingana bila kuchonga. Boljointi za chini huingia kwa kushindiliwa, na zilikaza barabara kwenye tundu. Ingekuwa zinaingia kwa kidole, ningezirudisha siku hiyo hiyo. Zote nne zina tundu la grisi, na ukizizungusha kwa mkono zina ule uzito mtamu wa kitu kipya.

Bushi za mikono sikuzitoa mwenyewe. Nilizipeleka kwenye karakana yenye presi kubwa, wakanitoza dola 60 kwa mikono yote minne, na nadhani ni fedha iliyotumika vizuri. Ukizisukuma bila kuweka kipande cha chuma cha kujaza nafasi kati ya masikio ya mkono, masikio yanajikunja kuelekeana, na mkono umeuharibu. Fundi yule alikata bomba la saizi kamili kabla hajaanza. Nikajua niko mahali salama.

Sasa ile nyota. Kwanza, kati ya boti mbili za tairodi za nje, yaani zile kofia za raba, moja ilikuwa imepasuka ndani ya mfuko wake. Boti iliyopasuka ni maji na mchanga kuingia, na tairodi mpya kufa ndani ya mwaka mmoja. Pili, vizuizi vya raba vya mikono ya chini havikuingia kwenye matundu ya chesisi. Shina lake lilikuwa nene kupita kiasi, raba yenyewe ngumu kama gome. Na splitipini zilikuwa pungufu mbili. Nilisimamisha kazi Jumamosi nzima. Niliwaandikia, wakanijibu Jumatatu, wakatuma tairodi nyingine bila kunidai kitu, ikafika Alhamisi. Kuhusu vizuizi waliniambia nivichonge. Sikuvichonga. Nilinunua vingine dukani. Kampuni inayotengeneza boljointi safi namna ile haipaswi kutia ndani ya boksi raba ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu kwenye gari.

Kurudisha springi kuna alama moja ya kuangalia. Kwenye kikombe cha mkono wa chini kuna matundu mawili ya kutolea maji. Ncha ya springi inatakiwa ifunike tundu moja, lote au sehemu, na tundu la pili libaki wazi, lote au sehemu. Ukikosea, gari litainama upande mmoja na utahangaika kulaumu springi.

Nilipomaliza kuunganisha, nilikuwa nimebakiza kukaza nati kubwa za bushi. Ilikuwa saa nne usiku kwangu, alfajiri kwa Tanga. Nikampigia mjomba kwa video nimwonyeshe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu geuza simu nione." Nikaipitisha kila mahali. Akanyamaza, halafu akasema: "Bushi umeshakaza?"

"Bado, nataka kukaza sasa hivi."

"Gari liko hewani?"

"Liko kwenye stendi, ndiyo."

"Basi acha. Lishushe kwanza likae kwa miguu yake. Raba ukiikaza mkono ukiwa umening'inia, ukilishusha inabaki imejipinda siku zote. Itakatika. Uliniona nikikaza za Hiesi gari likiwa juu?"

Nilikuwa nimemwona mara mia akilishusha gari, akilibonyeza mbele mara mbili tatu, kisha akiingia chini na spana ndefu. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti, ukurasa mmoja wenye picha za kufifia, haikulitaja jambo hilo hata kwa neno moja. Na hilo ndilo linaloamua kama dola zako 389 zitaishi miaka ishirini au miwili. Raba imegandishwa nje na ndani, kwa hiyo pale unapoikaza ndipo panapokuwa mahali pake pa kupumzika. Nikalishusha gari, nikalipandisha juu ya mbao nne nene ili nipate nafasi ya kupita, nikalibonyeza, nikakaza uzito wote ukiwa chini. Nati za boljointi nazo zina adabu yake: ukishafikia kipimo na tundu la splitipini halijalingana, unakaza zaidi kidogo hadi lilingane. Hurudishi nyuma kamwe.

Kilichobaki kilikuwa alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, na kwa gari hili alaimenti ni nusu ya kazi. Tairodi nilizifunga kwa kuhesabu mizunguko ya zile za zamani, hiyo inatosha kukufikisha gereji tu. Duka la kwanza kijana aliangalia mashine, akaniambia gari halimo kwenye orodha ya kompyuta, akaniomba radhi. La pili lililikubali, ila lilitaka kuweka vipimo vya kitabu cha 1969. Nikakataa. Vipimo vile vilikuwa vya matairi ya zama zile, yale ya nyuzi za mshazari. Wakati huo pembe ya kasta iliwekwa karibu na sifuri ili usukani uwe mwepesi. Kasta ni kama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala nyuma. Mlalo huo ndio unaofanya gurudumu lijinyooshe lenyewe ukiachia mikono. Gari lenye matairi ya radiali, yale ya siku hizi, linataka mlalo huo, na Chevelle ya kiwandani karibu haina.

Duka la tatu nilimkuta fundi mtu mzima ambaye, nilipotaja gari, aliuliza kama nimetunza zile shimu. Nilikuwa nimezitunza, kila bolti na mfuko wake, kushoto mbele, kushoto nyuma, kulia mbele, kulia nyuma. Ni vibati vyembamba vinavyokaa kati ya shafti ya mkono wa juu na chesisi. Kwa kuongeza na kupunguza vibati hivyo ndivyo kasta na kemba (gurudumu linavyoinama ndani au nje) zinavyopatikana, hakuna skrubu ya kuzungusha. Alichukua saa mbili na nusu. Akanipa kasta nyuzi 2 na nusu chanya pande zote, kemba nusu nyuzi hasi, na magurudumu yameingia ndani kidogo mbele, sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Nililipa dola 140 na nikamwongezea ya chai.

Jumapili nililipeleka barabara ya 33 hadi Logan, kisha nikaingia 664, ile inayopinda vilimani kuelekea Hocking Hills. Kwenye barabara kuu niliachia usukani kwa sekunde tatu, gari likaendelea kunyooka. Mchezo wa usukani umebaki kama inchi moja, na huo najua ni wa boksi ya usukani yenyewe, haumo katika seti hii. Kwenye kona gari bado linalala ubavu, ndivyo mikono ya Chevelle ilivyochorwa, gurudumu la nje linaelekea kusimama vibaya springi ikibonyea. Bushi mpya haziwezi kubadilisha jiometria. Atakaye lipinde kona kama gari la leo, itambidi abadilishe mikono ya juu na labda nako, na hiyo ni fedha nyingine. Ila ile "ko" haipo. Nilipita reli makusudi, mara mbili, nikiwa nimezima redio.

Siku za mwanzo mbele ilikuwa imenyanyuka kama boti inayoondoka gatini. Springi mpya ndivyo zilivyo, usikimbilie kuzikata. Baada ya maili 500 hivi yangu ilishuka karibu robo tatu ya inchi, nikarudi kwa yule fundi akaangalia tena vipimo, akagusa shimu moja tu. Nimeshapitia kila nati, nimetia grisi boljointi zote nne na tairodi, na boti ziko nzima. Jana nilimtumia mjomba picha ya matairi ya mbele, yameliwa sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Akajibu kwa sauti, nusu dakika nzima, anauliza mnyororo niliofungia springi niliupata wapi, maana ametaka wa unene ule tangu zamani. Nimeshauweka kwenye begi la mtu anayerudi nyumbani mwezi ujao.